Kiota cha Kadii

Mchanga ulikuwa umefagiwa tena.

Inspekta Bridgit Menza alipewa habari hiyo kabla hata hajafunga mlango wa gari. Kadii alikuwa amemngojea njiani, leso ameivuta hadi kidevuni ingawa jua lilikwisha kupanda na upepo ulikuwa wa joto.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, Kadii. Umelala?"

"Nilale vipi? Njoo uone mwenyewe. Amekuja tena."

"Nani amekuja?"

Kadii aligeuka akashika njia ya ufuoni, na Bridgit akamfuata, viatu vikizama. Nyuma yao Konstebo Odera alibaki garini akimlinda mshukiwa waliyekuja naye.

Ufuo wa Mtondooni uko kaskazini ya Mambrui, na kwa miaka kadhaa sasa unatunzwa na watu wa kujitolea wenye fulana za kijani, wanaojiita Walinzi wa Kasa. Ni wakulima, mafundi cherehani, vijana waliomaliza shule wakakosa kazi. Mchana hupanda majani ya kutambaa ili yashike mchanga mahali palipoliwa na bahari. Usiku hutembea wawili wawili wakiwangoja kasa wapande kutaga. Kasa akitaga, hupigwa vigingi vinne, juu hutandazwa wavu, na tangu hapo kiota hakiguswi na mtu hadi watoto watoke wenyewe. Watu wa vijiji vya jirani walizoea kusema kwamba kaburi la mtu laweza kufukuliwa kwa amri ya mahakama, lakini kiota cha Mtondooni hakuna wa kukifukua.

Ngumbao, kakake Kadii, alikuwa mmoja wao. Usiku wa Ijumaa alitoka kwenda doria peke yake kwa sababu dada yake, aliyekuwa mwenzake wa zamu, alilala na homa. Hakurudi. Alfajiri mwenyekiti wa kikundi, Kambi, aliziona ndara zake ukingoni mwa maji, zimepangwa pamoja. Wavuvi walitafuta Jumamosi, wakatafuta Jumapili. Kufika leo Jumanne, karibu kila mtu alikuwa ameshakubali kwamba bahari imemchukua.

Bridgit hakuwa amekubali, wala hakuwa amekataa. Yeye ni mtu wa Kaloleni, wa vilimani, na bahari aliiogopa tangu utotoni. Lakini jambo moja lilimsumbua. Mtu anayezolewa na wimbi havui ndara kwanza.

"Ndipo hapa," Kadii alisema.

Kiota chenyewe kilikuwa juu kabisa ya ufuo, karibu na miti ya mivinje. Vigingi vinne, wavu, na kibao kidogo chenye tarehe ya Ijumaa. Kutoka kwenye vigingi mpaka mitini mchanga ulikuwa laini kama uliopigwa pasi, upana wa mkeka, na ndani ya ulaini huo mistari myembamba ilipita sambamba kama nywele zilizochanwa.

"Jana asubuhi palikuwa hivi?"

"Jana na juzi. Mchana twapita, twapachafua kwa miguu. Kukicha pamefagiwa." Kadii aliokota kijiti, akamchokoa kaa mweupe aliyekuwa akijipenyeza chini ya wavu. Kaa alikimbia, akasimama mbali kidogo, akageuza macho yake yaliyosimama. "Usiku nilikuwa katika banda letu la doria na Cindy, mwenzangu wa kikundi. Mlango tumeutia gogo. Tukasikia kuti likiburuzwa huku nje. Shaa. Shaa. Shaa. Cindy aliniziba mdomo kwa kiganja nisilie."

"Hamkuchungulia?"

"Afande, wewe ungechungulia?"

"Pengine nisingechungulia," Bridgit alisema.

"Kaka yangu ndiye aliyefagia njia za kasa vizuri kuliko sote. Mama asema ni koma yake. Asema hajazikwa, ndiyo maana roho yake yarudi kazini." Sauti ya Kadii ilishuka. "Watu wamekuja nyumbani kukaa hanga, matanga ya kwetu, wamesimama tu uani. Mama hataki kutandika mikeka. Asema hatandiki mkeka wa msiba wa mtu ambaye hajamwona. Hajala tangu Jumamosi. Mimi sitaki kitu kingine, afande. Nataka nimpelekee mama hata kidole."

"Na kiota hiki, kwa nini wakilinda wewe?"

"Nimepewa. Mwenyekiti alipokuja kunipa pole alinishika mkono akanileta mpaka hapa. Akaniambia, Kadii, hiki ndicho cha mwisho alichokiwekea alama kaka yako, kasa alipanda usiku uleule. Kilinde. Basi nashinda hapa. Kaa wanakitaka sana. Sijapata kuona kiota kinachopendwa na kaa namna hii."

Bridgit alichuchumaa, akaitazama ile mistari ya kuti. Malaika ya shingoni yalimsimama, akayapapasa kama mtu anayejikuna.

"Kadii, koma ina nyayo?"

"Haina."

"Basi anayefuta nyayo ana miguu."

Alikusudia kumtuliza. Lakini aliona rangi ikimwondoka msichana usoni, akajua amemzidishia hofu. Roho ya kaka ni ya kaka. Mtu mwenye miguu anayekuja usiku, akapita mlangoni pao, huyo ni jambo jingine.

*

Mshukiwa aliyekuwa garini aliitwa Nyale. Mwaka uliopita alishikwa na nyama ya kasa, na aliyemshitaki ni Ngumbao. Alipotoka kifungoni alimtolea maneno mbele ya watu, hotelini, chai ikiwa mezani.

"Madam, huyu ni yeye tu," Odera alisema kwa sauti ya chini. Alikuwa kijana wa kutoka pande za ziwa, mwepesi wa mwili na wa hukumu. "Tumpeleke Malindi, aandike statimenti, tumalize."

"Tumwulize kwanza."

Bridgit aliketi kiti cha mbele, akageuka nyuma. Nyale alimtazama bila haya, mikono yenye pingu ameilaza magotini.

"Ulimwambia Ngumbao kwamba bahari itamla."

"Nilimwambia. Na wewe umenitia pingu, nawe nakuambia itakula. Ikikula, mimi nimekuua?"

"Heshima, mzee!" Odera alifoka.

"Heshima nimeisahau nyumbani. Mlinichukua mbiombio."

"Ijumaa usiku ulikuwa wapi?"

"Marafa, arusini kwa mpwa wangu. Nimepigwa picha nikicheza. Kijana wako ameziona, ila hazipendi."

Odera aliinua mabega. "Picha inaweza kuwa ya siku ingine."

Bridgit hakuingia katika ubishi huo. Picha zina njia yake ya kuhakikishwa. Aliuliza jambo jingine. "Ni wewe unayekuja kufagia usiku?"

Nyale alicheka. Kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka.

"Nani afagia?"

"Hatujui. Kila kukicha twakuta pamefagiwa kando ya kiota."

Mzee alijisogeza kitini. Kejeli ilimtoka, na bila hiyo alionekana mtu wa umri wake. "Mama, sikiza. Sisi wa kazi ile hatufagii. Mwizi afagie ili iweje? Kufagia ni kwao wao, kuficha njia ya kasa tusimwone. Na sisi tukiona palipofagiwa twashukuru, maana twajua hapa amepita. Sijapata kushika kuti kwa kazi hiyo maisha yangu."

"Kwa hiyo ni mmoja wao."

"Hayo umesema wewe." Alitazama nje, kule kwenye mivinje, akarudisha macho haraka. "Lakini Ngumbao naye alisema."

"Alisema lini?"

"Alhamisi. Alikuja kwangu mwenyewe, sikumwita. Akakaa, akaomba maji, nikampa. Akaniambia, Nyale, nilidhani wewe ndiwe peke yako, nikakuonea. Kuna anayechinja nyuma ya mivinje, akakamua mafuta, na avaa fulana ya kijani kama hii yangu."

"Akamtaja?"

"Angemtaja, ningekuwa hapa na bangili hizi? Hakumtaja. Nikamwambia nenda polisi. Akasema la, atamwuliza mwenyewe kwanza, faragha, kwa adabu, kwa sababu ni mtu mzima na si vizuri mtu mzima kuaibishwa mbele ya watu."

Odera alifungua kijitabu chake, akakifunga bila kuandika.

"Mbona hukusema haya tangu jana?"

"Jana niliulizwa na huyu. Kwake kila neno langu lilikuwa uongo, nikaona nisimchoshe."

Bridgit alishuka garini, akamwita Odera kando. "Mpeleke kituoni, apewe chai, na piga simu Marafa ujue habari za arusi. Kisha rudi upesi. Njoo na mwenzako mmoja."

"Nikuache hapa peke yako, madam?"

"Wako watu."

"Hao ndio nasema."

Bridgit aliitazama fulana ya kijani iliyokuwa imeanikwa kwenye kamba ya banda, ikipepea na kujaa upepo kama iliyovaliwa. "Rudi upesi," akasema.

*

Bandani alimkuta Cindy akifungasha. Alikuwa msichana wa chuo, mamake mwenye duka Malindi, watu waliohamia pwani kutoka bara. Alipoona kivuli mlangoni aliruka hata begi likaanguka.

"Woi! Afande, nilifikiri ni—"

"Ulifikiri ni nani?"

"Sijui. Hiyo ndiyo shida, kila mtu namfikiria." Aliokota nguo zake. "Wengine wote wamekwisha kwenda makwao. Tumebaki mimi, Kadii na Mwenyekiti. Mamangu amesema nikilala hapa leo, nisimwite mama tena."

"Nitakupeleka mwenyewe. Lakini kwanza nifundishe kufagia."

Cindy alimtazama kama anayepimwa akili. Kisha akachukua kuti lililoegemezwa ukutani, wakatoka.

"Kasa akipanda anaacha njia pana, kama gurudumu la trakta," alisema. Kuonyesha kitu anachokijua kulimtuliza kidogo. "Ukiwa umeshaweka alama, unarudi kwa maji. Unaanzia hapo. Unatembea kinyumenyume ukivuta kuti, unafuta njia yake pamoja na nyayo zako, mpaka kiotani. Halafu unapanda pembeni kwa majani magumu, hapo nyayo hazishiki. Usipige kuti, unalivuta. Ukilipiga mchanga unaruka, mtu anajua."

"Kwa nini uanzie majini?"

"Kwa sababu kasa anatoka majini, afande. Atoke wapi kwingine?"

"Nani aliwafundisha?"

"Mwenyekiti. Yeye ndiye aliyeanzisha kila kitu. Hata kwake, mkewe anasema akitoka chooni anafagia nyuma yake. Tunamcheka sana." Cindy alianza kutabasamu, na tabasamu likamfia mdomoni. "Kwani kuna nini?"

"Hakuna. Nenda ukae na Kadii. Msiachane, hata kwa haja."

*

Ule mfagio wa asubuhi, ile njia laini iliyofutwa kwa kuti, uliingia mivinjeni na kukoma pale mchanga unapofunikwa na majani makavu membamba ya miti hiyo. Bridgit aliufuata akipita kando yake. Upepo ulivuma vileleni kwa mluzi mrefu usiopumzika, na kwa sababu ya mluzi huo hakuweza kusikia kitu kingine chochote, hata hatua zake.

Kuti alilikuta limesimamishwa ndani ya kichaka, ncha zake bado zina chembe za mchanga. Hakuligusa. Alilipiga picha kwa simu, akaona simu haina mtandao. Akaenda mbele kidogo. Palikuwa na mafiga matatu, jivu la zamani lililofukiwa nusu, na harufu nzito ya mafuta yaliyounguzwa. Alipolichokoa jivu kwa kalamu yake kilichomoka kipande cha gamba, kikubwa kama sahani, kimeungua upande mmoja.

"Afande."

Bridgit aligeuka polepole. Alijilazimisha iwe polepole.

Kambi alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake. Mtu wa makamo, mwembamba, kofia ya ukindu, fulana ya kijani iliyofuliwa hata ikafifia. Mkono mmoja ulishika panga, na kwapani alikuwa na fimbo mbichi alizozikata.

"Karibu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na pengine ndiyo iliyotisha zaidi. "Nakata vigingi. Lakini huku kuna nyoka. Haifai mgeni kutembea huku peke yake."

"Ahsante, Mwenyekiti."

"Watafuta nini?"

Macho yake yalishuka kwenye kalamu iliyochafuka jivu, yakatulia hapo. Upepo ulivuma. Gari lilikuwa limekwenda, na kati ya Bridgit na ufuo alikuwa amesimama yeye. Bridgit alitafuta neno, na la kwanza lililomjia alilisema.

"Nilitafuta mahali pa kujisaidia, Mwenyekiti. Uniwie radhi. Choo cha bandani hakina mlango."

Kambi alishituka kwa haya. "Samahani, mama. Samahani sana." Papo hapo aligeuka, akampa mgongo, kichwa akakiinamisha, kama inavyompasa mwanamume aliyelelewa vizuri.

Bridgit alipita pembeni yake, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake. Hakukimbia, maana kukimbia ni kusema. Alitembea kwenye majani makavu mpaka mwanga wa ufuo ukampiga usoni, na alipotupa jicho nyuma aliiona bado ile fulana kati ya miti, mgongo umemwelekea, ikingoja kwa heshima.

*

Kadii na Cindy walikuwa wameketi kando ya kiota, mabega yamegusana. Kaa wawili walikuwa wamerudi. Bridgit aliketi nao mchangani, akaitazama bahari, ndipo akaona kitu alichokuwa amekitazama asubuhi yote bila kukiona.

Kati ya kiota na maji kulikuwa na bustani. Majani ya kutambaa, mazito, ya kijani kibichi, yenye maua ya zambarau, yalitanda kutoka mwisho mmoja wa ufuo hadi mwingine, kama ukuta uliolazwa chini.

"Haya ni nyinyi mliyapanda?"

"Ni sisi," Kadii alisema. "Kabla ya masika."

"Kasa akipita juu yake huwaje?"

"Huyavunja yote. Ni mzito, afande, yule wa mwezi uliopita watu watatu tulishindwa kumgeuza. Huacha kama palipoburuzwa gunia la mahindi. Twasikitika, twapanda tena."

"Hapa mbele mmepanda tena tangu Ijumaa?"

"La. Nani ana moyo wa kupanda?"

Bridgit alisimama. Alitembea ukingoni mwa majani yale, akaenda mbali upande wa kulia, akarudi, akaenda upande wa kushoto. Kwao Kaloleni, ng'ombe akiingia shambani, babake hakupoteza wakati kumhoji mwenye ng'ombe. Aliiuliza mihindi. Sasa aliyauliza majani haya, kikonyo kwa kikonyo. Hayakuvunjika hata mahali pamoja. Yalikuwa yamechanua.

Aligeuka akaangalia kwa upande wa pili, ule mfagio uliotoka mivinjeni na kuishia kwenye vigingi. Kila mfagio wa Mtondooni huanza majini.

Alimtazama Kadii akimchokoa kaa kwa kijiti chake, akimsukuma mbali na kiota, kwa subira, kama afukuzaye nzi usoni mwa mtu aliyelala. Alitamani gari lichelewe, na alitamani lifike.

Likafika. Odera alikuja mbio mchangani na mwenzake mmoja. "Madam, arusi ni ya kweli," alihema. "Hata shehe anamkumbuka, alikanyaga kanzu yake akicheza."

"Umekuja na sepetu?"

"Iko garini. Ya nini?"

Kutoka mivinjeni Kambi alitokea na vigingi vyake. Alipowaona polisi wamekizunguka kiota alisita, kisha akaendelea kuja kwa mwendo uleule.

"Mwenyekiti," Bridgit alisema, "nataka kiota hiki kifunguliwe."

"Hakifunguliwi, mama. Watoto hawa wote wanajua. Kiota hakifukuliwi."

"Afande, usifanye hivyo!" Kadii aliruka akasimama mbele ya wavu, mikono ameitanua. "Ndicho cha mwisho cha kaka yangu! Mayai yatakufa! Tafadhali, nimekilinda siku zote hizi, nimekilinda vizuri!"

"Najua umekilinda vizuri, mwanangu." Bridgit alimshika bega. "Nikikosea, nitashitakiwa mimi, nawe utakuja mahakamani uniseme. Mwenyekiti, wewe ndiwe fundi. Fungua kwa mikono yako, kama ulivyowafundisha."

Kambi aliitazama bahari, akawatazama askari. Aliweka panga chini. Odera alilisukuma mbali kwa mguu. Kisha Kambi alipiga magoti, akaondoa wavu, akaanza kuchota mchanga kwa viganja na kuuweka upande mmoja, kwa utaratibu, bila kumwaga ovyo. Hata wakati ule mikono yake ilikuwa na adabu ya kazi.

"Mayai hukaa kina gani, Kadii?"

"Kiwiko," Kadii alinong'ona. "Mkono ukiingia hadi kiwiko, huwa umeyafikia."

Kiwiko cha Kambi kiliingia. Mkono ukasimama.

"Yameoza," alisema. "Ni mayai viza, au yameliwa na kaa. Hutokea."

"Maganda yako wapi?"

Kambi aliupapasa mchanga aliouchota.

"Endelea, Mwenyekiti. Kidogo tu."

Hakuendelea. Alibaki amepiga magoti, mkono ndani ya shimo, na jasho likaanza kumtiririka kutoka chini ya kofia, likidondoka mchangani tone kwa tone. Cindy alianza kurudi nyuma.

"Kasa wenu wote hutoka majini," Bridgit alisema, bila kupaza sauti. "Huyu mmoja alitoka mivinjeni. Majani haya hakuyagusa. Na kila usiku mtu huja kuangalia kama kaa wamemfikia, kisha hufuta miguu yake kwa mkono uliozoea kufuta. Kadii aliambiwa na nani kwamba kiota hiki ni cha kaka yake?"

Kadii alikuwa wa mwisho kuelewa, au pengine alikuwa wa kwanza na hakutaka. Alimtazama Kambi. "Mwenyekiti?" alimwita. "Mwenyekiti, sema kitu."

Kambi aliutoa mkono. "Alinipa shikamoo," alisema, kama anayeongea na shimo. "Alikuja mitini akaniamkia kwanza. Akaniuliza kwa adabu."

Odera alimwinua na kumtia pingu. Alimtia taratibu, bila neno.

Bridgit alimwita yule askari mwingine alete sepetu na apige simu Malindi waje watu wa picha. Alipogeuka, Kadii alikuwa tayari chini, amelala kifudifudi ukingoni mwa shimo, mkono umeingia mpaka begani, shavu limelala mchangani. Bridgit alimwahi, akamshika kiuno. Alihisi mwili wa msichana umekakamaa. Mkono wa chini ulikuwa umefikia kitu na umekishika.

"Niachie kidogo," Kadii alisema. "Ni fulana. Ni kola yake, niliishona mimi, nyuzi nilizitia nyingi."

"Inatosha, mwanangu. Toa mkono."

Aliutoa. Akakaa kitako, akauangalia ule mkono uliojaa mchanga. Kaa mmoja mweupe alikuja mbio kutoka pembeni, na Kadii akaokota kijiti chake, akamfukuza, kama alivyofanya asubuhi yote. Ndipo kijiti kikamwanguka.

Hakupiga ukelele. Upepo ulileta mluzi wa mivinje, na Cindy, kule alikosimama, ndiye aliyelia kwa niaba ya wote.

"Afande," Kadii alisema baadaye, "simu yako ina mtandao?"

"Ya Odera inao."

"Basi mpigieni mama." Alijifunga leso upya kiunoni, kwa mikono iliyotulia kuliko ya askari. "Mwambieni atandike mikeka."